Baridi ya Karatu na Kifua cha Mzee: Mwongozo kwa Kaya za Qurus

Mtoto akishikwa na mafua utajua mara moja. Anachemka, analia, makamasi yanamtoka, usiku hakuna anayelala. Mzee hayuko hivyo. Babu wa miaka 78 anaweza kuwa na nimonia kamili na mwili wake usipate joto hata kidogo, kwa sababu kinga ya mwili ikishachoka haina tena nguvu ya kupandisha homa. Utakachokiona ni kwamba leo hakumaliza uji. Jana hakutoka kuota jua kama kawaida yake. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyefariki miaka mingi iliyopita, au ameanguka akielekea chooni. Watu wa nyumbani watasema ni uzee tu, na siku tatu nne zitapita hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukisoma mwongozo huu na ukabaki na jambo moja, liwe hili: kwa mzee, usiulize kama ana homa, uliza kama amebadilika. Anayeweza kujibu swali hilo ni wewe unayeishi naye, unayejua anakula kiasi gani, anatembea vipi, anakohoa namna gani asubuhi. Daktari atakayemwona mara moja hajui babu wa juzi alikuwaje. Nimeandika nikiwafikiria zaidi wakwe na mabinti wa Qurus, Gongali, Bashay na vijiji jirani ambao ndio hasa wanaobeba kazi ya kulea wazee, lakini na wewe kijana uliyeko Arusha au Dar es Salaam unayetuma pesa una sehemu yako, tena kubwa. Tutafika huko.

Tunazungumzia virusi gani? Vingi, ila vitatu vinatosha kuvitaja. Kuna virusi vya mafua makali, ile homa ya mafua inayomlaza mtu kitandani kwa misuli kuuma, ambayo si sawa na mafua mepesi ya kupiga chafya siku mbili. Kuna UVIKO-19, ambayo haijaondoka, imeacha tu kutangazwa. Na kuna kirusi kinachojulikana kwa kifupi kama RSV, ambacho wahudumu wengi wamezoea kukihesabu kuwa ugonjwa wa vichanga. Ni kweli kinawasumbua sana watoto wachanga, lakini kinawalaza wazee pia, hasa wenye pumu, ugonjwa wa moyo au mapafu yaliyochoka. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haitakuambia ni kipi kati ya hivyo. Usihangaike. Hatua za kuchukua nyumbani zinafanana karibu zote.

Kinachomwangusha mzee mara nyingi si kirusi peke yake, ni kinachofuata nyuma yake. Kirusi kinachubua njia ya hewa, bakteria wanapata pa kuingilia, nimonia inaanza. Sukari inapanda. Moyo unasukumwa kufanya kazi kupita uwezo wake: utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2018, ulionyesha kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitika ana mafua makali, uwezekano wa kupata shambulio la moyo huongezeka takribani mara sita. Ndiyo maana utasikia msibani kwamba mzee "alikuwa na mafua tu, akaanguka ghafla". Hayakuwa mafua tu.

Vinakoingilia

Mzee wa Qurus hatoki kwenda kutafuta virusi. Analetewa, na wanaomletea ni watu wanaompenda.

Angalia kalenda. Baridi ya Karatu inakaza kuanzia Juni hadi Agosti. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, upepo unashuka kutoka upande wa hifadhi ya Ngorongoro, na jioni kila mtu yuko ndani, milango imefungwa, moto unawaka. Baridi yenyewe haizalishi kirusi, watu wengi kwenye chumba kidogo kisicho na hewa ndio wanaokisambaza. Na ni Juni hiyo hiyo shule zinapofungwa na wanafunzi wa bweni kurudi nyumbani. Halafu inakuja Desemba: Noah na Hiace zinapandisha watu kutoka Arusha kupitia Mto wa Mbu, nyumba inajaa kwa Krismasi, watoto wa mjini wanalala na bibi kwa sababu hawajamwona mwaka mzima. Ningeogopa Desemba kuliko Julai.

Kuhusu watoto wa shule, pwani ya Kenya imetupa ushahidi mzuri. Huko Kilifi, kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010, watafiti walizifuata kaya 47 na kuchukua sampuli za pua za watu wote wa kaya mara mbili kwa wiki, wagonjwa na wazima. Walitaka kujua kichanga anapata RSV kutoka kwa nani. Mara nyingi chanzo kilikuwa ndani ya nyumba, na aliyekiingiza kirusi nyumbani kwa kawaida alikuwa kaka au dada anayesoma shule. Utafiti ule ulihusu vichanga, lakini njia ni ile ile kwa bibi anayelala kitanda kimoja na mjukuu wa darasa la pili.

Karatu ina mlango mwingine ambao vijiji vingi vya Tanzania havina. Watalii wa Ngorongoro na Serengeti wanapita hapa mwaka mzima, na vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye loji, kambi na magari ya watalii. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa 16 Machi 2020, na alikuwa msafiri aliyeshukia Kilimanjaro na kugundulika Arusha, siku moja baada ya kufika. Hakuna wa kulaumiwa, maana utalii ndio unaolipa ada za shule hapa. Ila kijana anayetoka kambini kwa likizo, amekaa garini wiki nzima na wageni wanaokohoa, asiende moja kwa moja kumkumbatia nyanya yake. Mafua makali huanza kuambukiza siku moja kabla mtu hajajisikia vibaya. Siku mbili tatu za kukaa naye nje uani badala ya chumbani zinaweza kuonyesha kama amekuja na kitu.

Nyumba na moshi

Hewa ndiyo dawa ya kwanza na haina bei. Chembe zinazotoka mtu anapokohoa, kuongea au kuimba huelea ndani ya chumba kilichofungwa kwa muda mrefu. Fungua dirisha la chumba cha mzee mchana, hata wakati wa baridi, huku yeye akiwa amefunikwa vizuri kwa shuka zito au blanketi, kofia kichwani na soksi miguuni. Wazee wengi watakataa, wakiamini kwamba upepo ndio unaoleta kichomi. Usibishane. Mtoe nje akaote jua, kisha fungua dirisha wakati hayupo.

Moshi unastahili aya yake. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu na makohozi kuelekea juu, na moshi wa kuni unavidhoofisha kila siku kwa miaka 50 au 60 ya kupika kwenye mafiga. Bibi aliyepika maisha yake yote anaweza kuwa na mapafu mabovu kama ya mvuta sigara bila kuwahi kuvuta. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania, lakini bibi hawezi kusubiri mkakati. Kama jiko la gesi haliwezekani, tenganisha jiko na chumba anacholala. Kama jiko haliwezi kutenganishwa, mhamishe yeye wakati wa kupika. Kuni ziwe kavu. Usimwachie jiko la mkaa chumbani usiku ili apate joto: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na wazee wamekufa usingizini kwa njia hiyo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, miguuni, inatosha.

Mengine ni ya kupita haraka. Weka kibuyu chirizi na sabuni mahali ambapo mtu anapita kabla ya kuingia kwa mzee, kwani pakiwa mbali hakuna atakayenawa, na wakati wa kiangazi maji yanapoadimika kibuyu chirizi kinatumia maji kidogo kuliko ndoo na kata. Mzee awe na kikombe chake. Wazee wanaokunywa pombe ya kienyeji kwa kupokezana chombo kimoja wasiingiliwe desturi yao, ila kila mmoja apewe chake msimu wa mafua. Mjukuu mwenye makamasi alale kwa mama au shangazi mpaka apone. Kama chumba ni kimoja na hakuna namna, walale kichwa cha mmoja kikielekea miguu ya mwingine. Na kama wewe unayemhudumia ndiye unayekohoa, vaa barakoa inayofunika pua na mdomo unapomlisha na kumwogesha. Barakoa iliyoshushwa kidevuni ni pambo.

Wageni ndio mtihani. Mzee akiugua, watu huja kumjulia hali, na mkwe hawezi kumzuia mlangoni kaka wa baba mkwe wake. Usijaribu. Kazi hiyo ni ya mtoto mkubwa wa kiume, au ya mzee mwenzake wa rika, au ya kiongozi wa jumuiya kanisani: atangaze kwamba wageni watakaribishwa uani, wachache kwa zamu, na mwenye mafua apige simu. Ikisemwa na mtu anayestahili kuisema, hakuna atakayeona amefukuzwa. Weka viti nje, penye jua, mgonjwa akiweza akae nao huko kwa robo saa. Kumfungia mzee peke yake chumbani wiki nzima nako ni kumwumiza. Hatakula, hatatembea, atakata tamaa.

Chanjo

Nitakueleza hali ilivyo. Chanjo ya mafua makali hutolewa kila mwaka kwa wazee katika nchi nyingi tajiri, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza wazee wapewe, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za taifa letu. Inaweza kupatikana kwa malipo katika hospitali na kliniki binafsi za mijini, hivyo kijana uliyeko Arusha, kabla hujatuma tena blanketi ambalo mzee analo tayari, piga simu uulize bei. Inarudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika, na Shirika hilo hupanga upya mchanganyiko wake mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Chanjo za RSV kwa wazee zilianza kuidhinishwa 2023 huko Marekani na Ulaya, na nazo haziko kwenye ratiba yetu. Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini 28 Julai 2021. Uliza kituo chako cha afya kama wanayo sasa na kama mzee wako anastahili dozi nyingine.

Iko njia ya kumkinga mzee kupitia mtoto. Chanjo ya nimokoko, bakteria anayeongoza kuleta nimonia, wanapewa watoto wa Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013. Kilifi tena ilionyesha kwamba watoto wakichanjwa, hata watu wazima ambao hawakuchanjwa huugua kidogo, kwa kuwa bakteria hapati pa kuzunguka. Kukamilisha kadi ya kliniki ya mjukuu ni kumlinda babu yake. Na ndugu anayekuja kutoka ng'ambo, ambako chanjo hizi zipo, achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari.

Akishaugua

Mkalishe. Mzee anayelala chali kutwa nzima anajaza makohozi chini ya mapafu. Mwegemeze kwa mito au magunia ya nguo, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili, na akiweza atembee hatua chache hadi mlangoni. Usimlishe akiwa amelala, maana uji utaingia njia ya hewa. Mpe maji, chai isiyo kali, supu au uji mwepesi wa ulezi, kikombe kidogo kila saa, bila kusubiri aombe, kwa sababu kiu nayo hupungua uzeeni. Angalia mkojo: ukiwa mchache na rangi ya chai, hajanywa vya kutosha. Msugue meno na ulimi asubuhi na jioni, hata kama amebakiwa na meno manne. Mate machafu yakiingia mapafuni ni chanzo kikubwa cha nimonia kwa wagonjwa wa kitandani, na hili hata baadhi ya wahudumu hulisahau.

Kwa maumivu na joto, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita hadi nane, visizidi 8 kwa saa 24. Mzee mwembamba wa chini ya kilo 50 apewe kimoja kimoja. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji sana wa pombe, uliza kwanza. Sasa sikiliza kuhusu duka la dawa. Usimpe diklofenaki kwa mazoea, inaumiza figo na tumbo na kupandisha presha. Vidonge vya mafua vyenye mchanganyiko wa dawa za kuzibua pua na kukausha makamasi vinaweza kupandisha presha, kuzuia mkojo kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba, na kumchanganya akili usiku. Amoksilini haiui kirusi. Kama nimonia ya bakteria imeingia, mzee anahitaji dawa sahihi kwa siku sahihi baada ya kupimwa, si vidonge sita vilivyokatwa kwenye pakiti. Dawa zake za presha, sukari au pumu aendelee nazo, lakini kama hali wala hanywi au anaharisha, mpigie mhudumu siku hiyo hiyo uulize zipi zisimame.

Nyungu? Kujifukiza kulipata umaarufu mkubwa 2020. Mvuke unaweza kulegeza makamasi kwa muda, hauui kirusi kilichoko mapafuni. Mzee aliyefunikwa blanketi juu ya sufuria inayochemka anaweza kuzirai au kuungua, na nisingemfanyia wangu. Chai ya tangawizi na asali ni sawa, inatuliza koo, ila mwenye kisukari aangalie asali.

Hesabu pumzi mara mbili kwa siku. Chukua simu, weka dakika moja, angalia kifua au blanketi likipanda na kushuka akiwa ametulia, bila kumwambia unahesabu. Zaidi ya 24 kwa dakika, mpeleke siku hiyo. Ikifika 30, ni dharura. Kama familia inaweza kununua kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, nunueni, lakini mpimeni akiwa mzima na muandike namba yake ya kawaida ukutani. Asubuhi ya Karatu kidole kikiwa cha baridi kitasoma uongo, kipashe joto kwanza, na hina au rangi ya kucha iondolewe. Akishuka chini ya kawaida yake kwa namba tatu au nne, asilale nyumbani. Chini ya 90 usisubiri kukuche.

Dalili nyingine za kutosubiri: midomo kugeuka rangi ya zambarau au kijivu, kushindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, usingizi asioamka vizuri, kutokunywa kitu kwa nusu siku, au kupata nafuu kisha siku ya nne au ya tano kuzidiwa upya. Hiyo ya mwisho ni nimonia hadi ithibitike vinginevyo.

Safari ya hospitali ipangwe kabla ya ugonjwa. Udongo mwekundu wa kwetu mvua ikinyesha usiku haupitiki kwa pikipiki, na mzee anayehema hafai kubanwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Weka namba za wenye magari wawili wanaokubali kutoka usiku, na mkubaliane bei sasa. Pesa hiyo ikae kwenye simu ya mtu aliyeko nyumbani, siyo ya mtoto aliyeko mjini ambaye simu yake huzimwa saa nne. Kitambulisho cha mzee cha matibabu, kadi ya bima kama ipo na pakiti za dawa anazotumia vikae kwenye mfuko mmoja. Sera ya nchi inawapa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo matibabu bila malipo katika vituo vya serikali, lakini foleni ya kuthibitisha jambo hilo usiku wa manane ni ndefu, kwa hiyo fuatilia kitambulisho kwa mtendaji wa kijiji mapema. Zahanati ikikosa oksijeni, omba rufaa bila aibu. Mji wa Karatu una hospitali ya KKKT na ya FAME.

Ukifika, usiseme tu "anakohoa". Sema: juzi alikuwa anatembea hadi shambani, leo haamki, pumzi zake ni 28, amekunywa vikombe viwili tangu jana, anatumia dawa hizi. Kama ameshuka Mang'ola au Mto wa Mbu wiki za karibuni, sema, apimwe malaria. Kama kikohozi kimefikisha wiki mbili, omba apimwe kifua kikuu, kipimo ni bure. Mwahishe pia kwa sababu zipo dawa za kupunguza makali ya virusi vya mafua na UVIKO-19, ambazo hospitali zikiwa nazo hufaa zaidi zikianza siku za mwanzo: za mafua ndani ya saa 48, za UVIKO-19 ndani ya siku 5.

Akirudi nyumbani, usitegemee awe kama zamani wiki ijayo. Kikohozi kinaweza kubaki wiki tatu, uchovu zaidi ya hapo. Wiki mbili za mwanzo mtu mmoja amsindikize chooni usiku, na tochi iwe chini ya mto wake. Mwongezee maharage, mayai au maziwa, kwa kuwa misuli aliyopoteza kitandani hairudi kwa ugali mtupu. Kila siku ongeza umbali kidogo: leo hadi mlangoni, kesho hadi zizini, wiki ijayo hadi kwa jirani. Akishindwa kufika alikofika jana, hesabu pumzi tena.